Gameli ya Mtoto wa Karani

Alunguli, tarehe 8 Machi 1953

Kwa mwanangu Hamisi, ambaye Mapadri walimuita Gérard na mimi bado ninatafuta nafasi ya jina hilo mudomoni,

Salamu zangu zianze kwako, zizunguke kwa rafiki zako wote wa mugodi wa Kama, wanaochimba dhahabu na wanaoiandika, kisha zirudi tena kwako kama hazijachoka njiani. Ukiuliza habari zetu, sisi tuko. Paa lilivuja, nikapanda mwenyewe kulifunga. Watu wakajaa chini kumutazama mwanamuke wa umri wangu juu ya nyumba. Nikawaambia: "Mimi nimesimama juu ya meli mpaka Ponthierville na upepo ukipiga, ninyi munaogopa majani?" Mbuzi amezaa mapacha, wote majike. Jirani wanasema ni bahati. Mimi ninasema ni mafundisho, kwa sababu analala karibu na mulango wangu.

Kazi ya kuchunga watoto inakwenda mbele. Tangu wake za makarani waanze kuvuka muto kila asubuhi kwenda fwaye, ile nyumba ambamo Madamu anawafundisha kushona na kupiga pasi, watoto wao njo wanabaki kwangu. Kutoka hapa mpaka Stanley hakuna anayejua kunyamazisha mutoto kama mimi. Wakati marehemu mume wangu Waziri alikuwa mupishi wa meli, nilinyamazisha mutoto wa Muzungu ambaye mama yake mwenyewe alishindwa. Nilimufinya kidogo. Lakini hiyo ni siri yangu na yule mutoto.

Mume wangu mudogo, mwanao Nestor, iko muzima. Kila asubuhi akinikuta sijamaliza kufagia ananitishia talaka. Miaka mitatu na nusu, na ameisha kujua kutesa wanawake.

Sasa nifike kwenye neno. Émilienne anamuleta Nestor na gameli, ile bakuli ya bati yenye kifuniko kama wanayobeba watu wa reli. Ndani, mukate mweupe uliopakwa konfitiri, yale matunda yaliyopikwa na sukari. Pembeni, chupa ya maziwa ya mukebe yaliyotiwa maji mpaka yakasahau ng'ombe. Kesho mukate. Kesho kutwa mukate. Ijumaa biskuti, labda kwa heshima ya Ijumaa. Nikamuuliza muke wako:

"Mama Nestor, hata kasombe kadogo nisimupe?"

"Hapana, Shangazi. Baba yake amesema."

"Na kasamaki?"

"Shangazi, nitachelewa mutumbwi."

Si Nestor peke yake. Watoto wote wa makarani wanakuja hivyo hivyo. Saa sita wanakaa kwenye mukeka wangu, kila mumoja na gameli yake, wanamung'unya mukate kama wazee wasio na meno. Mimi ninakoroga sombe yangu, majani ya muhogo na karanga, harufu inapita, na vichwa vyote vinageuka pamoja kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa.

Mwanangu, mimi sichukii mukate. Nimeula Stanley, tena mezani, tena kwa kisu. Lakini mukate ni mugeni. Siku ya tatu mugeni tunamupa jembe, na huu hauwezi kulima. Niruhusu saa sita nimupe mutoto chakula chetu. Neno lako moja tu, Émilienne atalifuata.

Shangazi yako Jamila, ambaye alikubeba mugongoni ulipokuwa hauna hata jina moja la kujisifia

*

Kama, tarehe 2 Aprili 1953

Kwa Shangazi mpenzi,

Ninakujulisha kwamba barua yako ilinifikia, ingawa imelowa, kwa sababu lori lilikwama karibu na Pangi. Mimi sijambo. Nimepewa nyumba yenye sakafu ya simenti. Ninawasalimu wote wa Alunguli, na ninakuomba usipande tena juu ya nyumba. Mtafute mtu.

Kuhusu neno lako. Shangazi, nimeomba karte, ile ya watu ambao Serikali inakubali kwamba wamestaarabika. Mwenye karte haambiwi atoke dukani apite mlango wa nyuma. Mwanawe anaweza kupokewa katika shule ya watoto wa Wazungu. Lakini kabla ya kuitoa, komisheni inakuja nyumbani. Wanatazama kitanda, choo, meza na chakula. Wanauliza majirani. Wanawauliza hata jamaa. Yule Madamu wa fwaye anawajua, na macho yake ndiyo yanayotangulia.

Nikuambie jambo jingine. Kila Jumamosi mimi ndiye ninayesimama na mizani kugawa posho ya vibarua wa mgodi. Mchele, maharagi, samaki wa chumvi, mawese, karanga. Wanapanga mstari na makopo yao, na capita, msimamizi wao, anawasukuma. Nimetazama mstari huo miaka minne. Sitaki mwanangu ale kile kinachopimwa kwenye mstari ule. Ale mkate, kama watoto wa wale wanaoandika sheria.

Wewe mwenyewe ulinishika mkono ukanipeleka kwa Mapadri. Walipokuambia Mwislamu hasomi pale mpaka abatizwe, wewe ulisema: "Bas, mumutie maji, jina litakauka." Sasa nimefika katikati ya mto na wewe unaniita nirudi ukingoni? Chakula kilichomo katika gameli ndicho chakula chake. Ninakuomba uheshimu.

Mwanao mtiifu,
Gérard

*

Alunguli, tarehe 26 Aprili 1953

Kwa mwanangu mutiifu, ambaye anatii kwa kunipa amri,

Tumepokea salamu, tumezigawa, hakuna aliyekosa. Mbuzi wanakua. Yule fundi uliyetaka nimutafute alikuja, akapanda, akaanguka, nikampaka dawa, nikapanda mwenyewe.

Umenipiga na fimbo yangu. Ni kweli nilisema jina litakauka. Ninaona halikukauka, limeota majani. Wala sijuti. Nani mwingine Alunguli yote ana mutoto anayeandika "ninakujulisha"? Barua yako niliisomea wanawake watatu kisimani na wote wakaacha ndoo zao, na mimi nikaongeza maneno mawili ya Kifaransa ambayo hukuyaandika.

Lakini nikuulize wewe unayeshika mizani. Muzungu wa mugodi unamujua. Musumari ukipinda anaagiza unyooshwe. Mufuko ukitoboka anaagiza ushonwe. Muntu wa namna hiyo, kwa nini anamwaga maharagi na samaki na mawese kwa muchimbaji kila Jumamosi? Ni upendo? Anataka koleo linyanyuke. Kama mukate na konfitiri vingenyanyua koleo, angewapa konfitiri. Wewe umetazama musitari, mwanangu. Mimi ningetazama mizani.

Basi, nimemaliza, nimekusikia. Mambo ya saa sita usiniulize, na mimi sikuulizi mambo ya Kama. Ujue tu kwamba mume wangu amevunja kifuniko cha chungu changu kikubwa kwa kukipigia ngoma, kisha akamusingizia jogoo. Mutoto mwenye nguvu za namna hiyo anamupendeza muntu. Juzi alimukimbiza mbwa wa jirani yetu Hamuli mpaka kwenye kivuko, na mbwa njo aliomba msamaha.

Shangazi yako Jamila

*

Kama, tarehe 30 Mei 1953

Kwa Shangazi,

Salamu. Mimi ni mzima.

Nimepata barua ya Émilienne, naye ananieleza jambo ambalo limenitia aibu kubwa. Alhamisi moja Madamu wa fwaye alivuka mto kutembelea nyumba za wanafunzi wake. Alipofika kwetu jioni aliomba aone gameli ya mtoto. Émilienne, kwa furaha, aliifungua mbele yake na mbele ya wanawake wengine. Ndani mlikuwa na ndakala, wale samaki wadogo, wa kukaanga, na viwavi wakavu, wamefungwa kwenye jani la ndizi. Wanawake wale walicheka. Madamu alikirudisha kifuniko kwa kidole kimoja, akauliza choo kiko wapi. Émilienne anasema afadhali angegomba.

Nilikuomba uheshimu. Uliniandikia "nimekusikia".

Kuanzia Jumatatu Nestor atakaa kwa Victorine, anayelea watoto karibu na fwaye. Mama huyo amesoma kwa Masista na anajua kufuata maagizo.

Gérard

*

Alunguli, tarehe 21 Juni 1953

Hamisi,

Salamu zipo, ila leo zimekaa nyuma.

Nilikusikia kweli. Kusikia ni kazi ya masikio, na mimi mikono yangu haijapata masikio. Ndiyo, nilimupa. Niliweka sinia katikati ya mukeka, wali na maharagi, au sombe na samaki, na watoto wote wakachovya. Mukate wa Nestor uliliwa na mimi, na chai. Muntu mumoja alipaswa kuumia.

Lakini hilo la viwavi, wewe, mutoto niliyekulea, unaniuliza? Umesahau kwamba chombo cha muntu hakirudi kitupu? Mama yangu alinifundisha, na nyinyi nyote niliwafundisha: jirani akikuletea bakuli, unaliosha, unatia kitu, hata kama ni chumvi. Kila jioni nilitia kitu katika gameli ile, kwa heshima ya muke wako. Leo ndakala, kesho karanga, kesho kutwa viwavi kutoka kwa wale mama wa Lubutu. Tangu mwezi wa pili. Umuulize Émilienne vilikwenda wapi vyote hivyo. Hakunirudishia hata siku moja, na siku niliyokosa cha kutia alinitazama kwa huzuni. Alivila, maskini, nyuma ya mulango uliofungwa, na sikumulaumu. Siku Madamu alipokuja alisahau tu kwamba hajavila bado.

Umemutoa kwangu kwa sababu ya adabu. Basi, sawa. Asubuhi Émilienne anampitisha mbele ya nyumba yangu kwenda kivukoni, naye anaangalia mbele. Nestor anageuka. Siku za kwanza alipiga kelele kwamba anataka muke wake, na watu wakacheka, hata mimi nilicheka. Sasa hapigi.

Wale wengine bado wanakuja. Mama zao wameniamuru mukate tu, na mimi ninafanya ninavyoweza wakati hawaoni.

Jamila

*

Alunguli, tarehe 13 Septemba 1953

Mwanangu Hamisi,

Sikupata jibu. Labda lori limekwama tena Pangi, miezi mitatu. Hapa sisi ni wazima, mvua imeanza, na mbuzi mumoja nimemuuza.

Nimemuona Nestor. Nilivuka kwenda sokoni, nikapita kwa Victorine. Sikwenda kugombana, ingawa unajua ninagombana vizuri. Victorine iko mwanamuke safi, ua wake umefagiliwa kama musikiti. Anatoa katika gameli kile kilichomo, anasubiri kiishe, anafunga. Nikamuuliza: "Anamaliza?" Akanijibu: "Siku hizi hataki sana, Mama. Ninamusaidia na sukari."

Alikuwa amekaa pale alipowekwa. Mbwa alipita, hakumutazama. Nikamuambia: "Mume wangu, unaniacha hivi hivi?" Akaanza kulia, bila sauti, akageukia ukuta. Mashavu yamejaa. Miguu imejaa. Mwanamuke mumoja pale alisema, "Angalia mutoto wa karani alivyonona."

Hamisi, mimi niliona mashavu ya namna hiyo. Wakati wa meli, tulikuwa tunasimama kwa wakata kuni, na mwaka mumoja waliishiwa na kila kitu isipokuwa muhogo. Watoto wao walikuwa wanene hivyo hivyo, na mama zao wakitabasamu. Tulipopita tena sikuuliza habari zao.

Mwambie Émilienne amurudishe kwangu. Nitafunga mudomo. Gameli nitairudisha tupu, kavu, nimeisugua kwa muchanga.

Shangazi yako Jamila

*

Kama, tarehe 10 Oktoba 1953

Kwa Shangazi,

Salamu. Ninashukuru kwa kumtembelea mtoto.

Pamoja na barua yako nilipokea picha. Émilienne alimpeleka Nestor kwa mpiga picha wa karibu na stesheni, amevaa suruali fupi na soksi. Shangazi, sijapata kumwona mnene hivi. Nimeitundika ofisini. Capita, makarani, hata Mzungu wangu alisimama akaitazama, akasema, "Mtoto mzuri." Émilienne anasema nywele zake zinaanza kuwa laini na nyekundu kidogo. Rafiki yangu Anaclet akatania kwamba mkate umeingia, mtoto anageuka Mbelgiji. Tulicheka sana.

Unamfananisha mwanangu na watoto wa wakata kuni. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipotania, sikupaona. Ninajua umeumia kwa kunyang'anywa. Lakini wivu haukufai wewe. Kuanzia leo habari za Nestor nitazipata kwa mama yake.

Gérard

*

Alunguli, tarehe 25 Oktoba 1953

Hamisi,

Leo sikusalimu. Salamu nitakulipa siku nyingine.

Kunona sikupingi kwa maneno, utasema ni wivu. Omba ruhusa, njoo. Muvue zile soksi. Weka kidole gumba juu ya muguu wake, bonyeza, hesabu kidogo, ondoa. Kama ni nyama, itarudi kama ilivyokuwa. Kama shimo linabaki, mutoto wako amejaa maji, na huyo aliye kwenye ukuta wa ofisi yako anakufa mbele ya wageni.

Kama nimesema uongo usiniandikie tena mpaka nizikwe.

Jamila

*

Kindu, tarehe 6 Desemba 1953

Kwa Shangazi,

Ninamtuma mpiga kasia na karatasi hii. Ningeweza kuvuka mwenyewe. Nimefika kivukoni mara mbili.

Nilibonyeza.

Yuko hospitali tangu juzi. Daktari alinieleza kwa Kifaransa kirefu, na mimi nilielewa kila neno, Shangazi, hiyo ndiyo shida. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni karani wa mgodi, ninapima posho. Akaniuliza ninagawa nini Jumamosi. Nikamtajia vyote.

Nestor hataki uji wa hapa, anafunga meno. Muuguzi anaruhusu jamaa walete chakula. Émilienne amejaribu, lakini mtoto anageukia ukuta.

Njoo. Ninakuomba. Ila jambo moja, na ninajua utanifikiria vipi. Komisheni inakuja Februari, na Madamu anatembelea wagonjwa hapa. Ukija, funika chungu. Weka mkate juu. Na kama watakuuliza siku moja mtoto alikua kwa chakula gani, neno lako moja ndilo litakaloniinua au kuniangusha. Ukikubali, Nestor atakula kwako siku zote, uani, bila mtu kujua. Ninakuandikia hilo kwa mkono wangu.

Hamisi

*

Alunguli, tarehe 14 Machi 1954

Kwa mwanangu Hamisi, na kwa Musiyu Gérard mwenye karte, wote wawili wasome, karatasi ni moja,

Salamu za leo ni nyingi, ninalipa na zile za Oktoba. Nimesikia kwamba karte imefika Kama na kwamba umeinunulia kimufuko cha ngozi. Hongera. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, kuku wakakimbia. Watu wa ukoo wetu waliokuja huku na misafara ya zamani walibeba pembe za watu wengine. Wewe umebeba karatasi yenye jina lako. Ni jambo kubwa, na sikatai.

Kwa sababu ulirudi Kama mapema, na Émilienne anakuandikia mambo ya pasi tu, wacha nikueleze mwenyewe.

Nilivuka muto kila asubuhi na chungu kichwani, na mukate juu yake kama ulivyoagiza. Mukate mumoja ulitumika siku nyingi, uligeuka kuwa jiwe, na muuguzi mumoja akaniuliza kama ninaupeleka kujengea nyumba. Siku ya kwanza Nestor hakunijua. Nilimutia tone la mchuzi wa samaki kwenye mudomo, akalitema. Nikatia tena. Sikumufinya. Siku iliyofuata alimeza. Nilikwenda na maharagi niliyoyaponda mpaka yakawa laini kama sabuni, nikaenda na karanga, nikaenda na mawese. Miguu ikaanza kukonda. Wale waliomuona wakasema masikini, amekonda sana, na mimi nilifurahi kama muntu aliyeona mwezi wa Idi. Halafu asubuhi moja alikuta mufupa ndani ya samaki, akautoa mudomoni, akanitazama, akaniambia ataniacha aoe mwingine. Nilitoka nje nikalia nyuma ya mulango.

Mwezi wa pili alikuwa amerudi nyumbani, anatembea, mashavu yake ni ya nyama kweli. Njo wakaja wale watatu wa komisheni, pamoja na Madamu. Waliangalia kitanda na choo, kisha wakaniita. Yule mwenye miwani alimushika Nestor mukono, akaugeuza kama muntu anayenunua muhogo, akauliza kwa Kiswahili chake:

"Mama, mutoto hii anakula nini?"

Hamisi, unanijua. Mimi ninajisifu kwa mutoto wa Muzungu niliyemufinya miaka ishirini iliyopita. Ninajisifu kwa paa. Ninajisifu kwa mbuzi aliyezaa, na sikuzaa mimi. Na siku ile nilikuwa na jambo moja la kweli, jambo ambalo nililifanya kwa mikono hii, mutoto aliyetolewa shimoni, amesimama pale na pumzi yake. Nilikuwa na maneno yake yote tayari. Émilienne alikuwa ameshika kitambaa cha meza, anakikunja, anakikunjua.

Nikasema, "Mukate, Musiyu. Na maziwa."

"Tu?"

"Na konfitiri kidogo, Jumapili."

Akacheka, akaandika. Madamu alinishika bega. Hata yeye, nadhani, alitaka kuamini.

Juma lililofuata aliwakusanya wanawake wote wa fwaye, akamusimamisha Nestor juu ya kiti, akawaambia: huyu hapa, mutazame, hivi njo mutoto wa mama anayefuata mafundisho. Émilienne aliniambia kwamba alitamani sakafu ifunguke. Sakafu za Wazungu ni za simenti, hazifunguki.

Sasa Nestor anakula kwangu, jikoni, mulango umefungwa, kama ulivyoandika kwa mukono wako. Hilo umelitimiza, na Mungu akulipe. Lakini mukeka wangu umejaa. Kabla walikuwa watoto wa makarani tu. Sasa fundi wa reli analeta wake, mupagazi wa bandari analeta wake, hata wale waliokuwa wanakula ndizi na samaki bila matata. Kila mumoja na gameli mupya, na ndani kitu kimoja. Wale wasioweza kununua maziwa wanatia maji na sukari, yaonekane meupe kidogo kwa mbali. Na siku hizi sinia siwezi kuweka. Watoto wanaulizwa jioni, na mutoto hajui kuficha harufu ya samaki kwenye vidole. Nikiwapa chetu, nyumbani watajua, fwaye itajua, na wale watatu watauliza: kumbe yule shangazi alituambia nini? Karte yako iko ndani ya mudomo wangu, mwanangu. Na sahani ya Nestor iko nyuma ya karte.

Jana asubuhi Odile, muke wa yule mushonaji, alimuleta binti yake wa mwisho. Amepungua kucheka, yule mutoto, na zamani alikuwa anacheka mpaka anaanguka. Nikamuvuta mama yake pembeni. Nikamuambia polepole:

"Odile, mwanangu, umutilie na maharagi. Kidogo. Kwa ajili yangu."

Alinitazama kama muntu anayejaribiwa. Kisha akatabasamu, kwa heshima yote, akanishika mikono.

"Mama Jamila, unanipima kama nimesahau? Mutoto wa Gérard alikua kwa mukate. Wewe mwenyewe ulisema, mbele ya Wazungu."

Alikuwa amesimama pale, ameninyooshea gameli, na mutumbwi ulikuwa unaita. Nestor alikuwa jikoni anakula.

Nikamuambia, "Ndiyo, mama. Nilisema."

Nikaipokea.

Ni mimi shangazi yako,
Jamila